Nyaya Nne Zilizokataa Kuinama

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Historia imenitafuta leo, ikanikuta kwenye kikao cha Chama cha Redio. Waliohudhuria: mimi, Katibu, na wanachama wengine watatu, mmoja wao akiwa amelala. Umma haupimwi kwa vichwa.

Mlezi wa Wanafunzi alikuja mwenyewe. Hakuketi. Alisema antena yetu iliangushwa na upepo, ikaachwa nyuma ya jiko la bwalo, na chama cha redio kisichosikika ni chama cha kukaa tu. Wapenzi wa mpira wa mezani wanakitaka chumba chetu. Ikiwa hadi Jumamosi adhuhuri hatujazungumza na wenzetu wa kampasi ya mlimani, naye akasikia kwa masikio yake, chumba kinakwenda. Tena asimwone mtu juu ya paa la chuo. Akatutakia mchana mwema, akafunga mlango polepole. Udhalimu wa siku hizi una adabu zake.

Nieleze kilichomo hatarini, ili vizazi vijavyo vielewe. Niliomba urais wa wanafunzi, wakaninyima. Niliomba uongozi wa bweni, wakaninyima, kisha wakaninyima na bweni lenyewe. Kilichosalia mikononi mwangu ni cheo kimoja: Msemaji wa Chama cha Redio. Bila chumba hakuna chama. Bila chama hakuna msemaji. Na nikiondolewa usemaji, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu tu, mwenye masomo mawili ya kurudia.

Nilisimama. Nikatangaza kwamba nitaijenga antena mpya kwa mikono yangu hii. Katibu, tunayemwita Taratibu kwa sababu hajapata kuanza sentensi bila neno hilo, akauliza kama mikono hiyo imewahi kushika bisibisi. Nikamjibu kwamba mikono iliyoshika bendera haishindwi na bisibisi. Aliyelala akaamka, akapiga makofi, akarudi alikotoka.

Antena itasimama juu ya paa la Shangazi, ninakoishi tangu yale ya bweni. Paa lake ni la zege, bapa, linatazamana na mlima. Shangazi bado hajaarifiwa. Umma huarifiwa wakati muafaka ukifika.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Taratibu amenikabidhi karatasi ya maelekezo. Nikaisoma. Fimbo moja isimame wima, urefu wake nusu mita hivi. Kwenye shina lake zitoke nyaya nne, kila moja upande wake, nazo ziinamishwe kuelekea chini, kwa pembe ya nyuzi arobaini na tano.

Nikaisoma tena. Damu ikanichemka. Mmoja asimame, wanne wainame! Hii si antena, hii ni ikulu.

Nikamtaka Taratibu anieleze kwa nini ziinamishwe. Akasema ni ili antena ipatane na kebo, nguvu itoke hewani isirudi kwenye mtambo. Nikamwambia kila mfalme alitoa sababu kama hiyo. Akasema hiyo ni fizikia. Nikasema na fizikia nayo iliandikwa na watu waliokuwa na watumishi. Akasema, "Taratibu, kaka. Ni waya."

Ni waya. Ndivyo walivyosema daima juu ya wanyonge.

Uamuzi umepita, kura moja kwa sifuri: nyaya zangu zitanyooka. Ubavuni mwa fimbo, bega kwa bega, bila kumsujudia yeyote.

Vifaa: fimbo ya pazia la sebuleni, ya shaba, na henga nne za waya kutoka chumba cha kushonea. Shangazi ni fundi cherehani. Futi yake huning'inia shingoni mchana kutwa, na hamsalimu mtu kabla hajampima kwa macho. Nilivichukua vifaa hivyo kwa jina la umma, pazia nikaliegesha kwa pini. Umma wenyewe wakati huo ulikuwa sokoni ukinunua vifungo.

Sikuwa na cha kupimia. Nikapima kwa shubiri. Wahenga walijenga mashubaka na milango kwa shubiri, na hakuna aliyewaletea karatasi.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Antena imesimama. Nimeifunga juu ya mpini wa fagio, mpini nimeufunga kwenye nguzo ya tangi la maji. Kebo inashuka ukutani, inaingia dirishani, inafika mezani kwa Shangazi, nilikouhamishia mtambo wa chama. Nyaya zimetanda pande zote nne, zimenyooka. Niliposhuka ngazi nilikuwa na machozi. Vumbi pia lilikuwepo.

Kando ya mtambo kuna kipimo chenye mshale. Mshale ukilala, nguvu inatoka hewani. Mshale ukiinuka, nguvu inarudi nyumbani kama mgeni aliyefungiwa mlango. Nilipobonyeza kitufe cha maikrofoni, mshale uliruka hadi mwisho wa kipimo, ukagonga, ukabaki huko ukitetemeka.

Sikutishika. Nikahutubia. Nikawasalimu wana wa mlimani, nikawaeleza hali ya chumba, hali ya chama, hali ya dunia. Nilipomaliza nikazima mtambo mara moja, nikapanda juu kukata ncha ya fimbo. Taratibu ameweka sharti kwamba mtu asiiguse antena wakati mtambo unawaka, na hilo ndilo sharti lake pekee ninaloliheshimu, kwa kuwa linahusu uhai wangu. Nikashuka, nikawasha, nikahutubia, nikazima, nikapanda, nikakata. Hivyo hivyo hadi jioni.

Mlimani kimya. Si salamu, si kikohozi.

Taratibu alipofika aliuliza nilisubiri jibu kwa muda gani kila nilipomaliza. Nikamwambia kwamba mtu anayesubiri jibu amekwisha kukubali kutawaliwa. Akanionyesha kitufe cha maikrofoni, kana kwamba sijawahi kukiona: ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia. Nikamwambia nusu ya kwanza ninaifahamu vyema, na nusu ya pili ni ya watu wasio na la kusema.

Kisha akapanda, akaitazama fimbo. Imekuwa kijiko. Akasema iliyopungua haiongezeki kwa kukatwa. Maneno ya kukatisha tamaa, kama kawaida yake.

Shangazi alirudi akakuta pazia limelala sakafuni. Akataka kujua ni nani aliyelivua nguo dirisha lake. Nikamweleza nafasi ya pazia katika jamii ya kitabaka: anayejificha, anayefichwa, na yule anayefua. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni. Akasema chakula kiko jikoni, kimepoa.

Jumatano, usiku huo huo, nyongeza: kilikuwa kimepoa kweli.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Ushindi wa kidiplomasia. Shangazi amenipa fimbo ya pazia la chumbani kwake, kwa hiari yake. Ameniongezea na futi. Aliivua shingoni akanivisha mimi, akasema, "Mtoto wa kaka yangu, nguo hupimwa kwa futi, haipimwi kwa hasira." Nimeichukua kauli hiyo kama ishara kwamba tabaka la mafundi liko upande wetu, ingawa bado linahitaji elimu ya uraia.

Safari hii nilipima. Nusu mita, kasoro upana wa kidole. Mshale ulishuka hadi katikati ya kipimo, ukakataa kusonga mbele.

Chama kizima kilikuja kukagua. Taratibu akasema fimbo sasa ni sawa, zimebaki nyaya, ziinamishwe. Nikapanda juu ya ndoo na kuhutubia. Nikasema leo tutainamisha waya, kesho shingo. Nikasema mlima huo utatusikia tukiwa tumesimama au hautatusikia kabisa. Taratibu akaitisha kura. Wanne wakataka ziinamishwe, mmoja akakataa. Nikawaeleza kwamba wengi wakikosea, kura yao huhesabika kama swali. Aliyekuwa amelala Jumatatu akasema mimi ndiye sababu ya yeye kulala vikaoni. Nimeyasamehe. Yanatoka kwa mtu aliyeamshwa ghafla.

Walipoondoka, nikaufungua mtambo nijaribu sauti. Kwa kuwa mlimani hakuna anayesikia, sikuona haja ya hotuba rasmi. Nikamweleza tu Mlezi wa Wanafunzi alivyo: kobe aliyefungwa tai, mwenye kutembea na funguo za vyumba vya watu, atakayelilia mpira wa mezani siku ya kiyama. Ilitoka vizuri. Nikairudia mara kadhaa, kila mara nikiipamba. Kisha nikazima, nikapanda, nikazipangusa nyaya vumbi. Zimenyooka kama askari. Hapana, kama raia.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Hujuma!

Nimetoka darasani nikaingia uani na kuinua macho. Antena yangu imegeuzwa kamba ya nguo. Suruali nne za jinzi, zinadondosha maji, kila waya imebeba yake. Na nyaya, zile nyaya zangu zilizosimama bega kwa bega, zimeinama zote nne, sawia, kama watu waliosikia habari za msiba.

Nikauliza kwa sauti ni mikono ya nani iliyotumwa na adui. Shangazi akachungulia dirishani, pini zimejaa midomoni. Akazitoa moja moja ndipo akasema kamba yake imejaa mashuka ya watu, na kitu changu kile kimekaa kama kimeletwa kwa kazi hiyo. "Kizuri, baba, kina mikono minne. Ila hakina nguvu."

Nikauliza suruali ni za nani.

Zilikuwa zangu.

Hapa niweke kumbukumbu sawa. Ni kweli Shangazi amekuwa akinifulia tangu nilipohamia. Ni kweli pia kwamba nimekusudia kwa muda mrefu kuandika makala kali juu ya kazi za wanawake zisizolipwa. Nimekosa nafasi tu, na nafasi yenyewe nimeikosa kwa sababu ya harakati, na harakati haziwezi kufanywa na mtu aliyevaa suruali chafu. Mwenye akili ataona jinsi mambo yanavyoshikana.

Nilikuwa nimekwisha kuishika waya ya kwanza niinyooshe, Taratibu akatokea ngazini akaniambia niiache. Akazitoa suruali, akazikunja, akazitandika juu ya tangi, bila kugusa waya hata moja. Akashuka, akawasha mtambo, akabonyeza kitufe.

Mshale ukalala chini, pale pale, kama mbwa aliyeshiba.

Taratibu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Akasema mimi nimekataa tangu Jumanne, chama kimepiga kura, na kazi imekuja kumalizwa na suruali. Akamwita Shangazi aje aone. Shangazi akaja, akautazama mshale, akauliza kama hiyo ndiyo saa ya chakula.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Ukweli uko wazi. Hotuba yangu ya jana juu ya ndoo ilikuwa na uzito wa pekee, na athari zake huchukua muda kufika kwenye vyuma. Kuhusu nyaya, sitakubali neno "zimeinama." Zimepumzika. Mpiganaji naye hupumzika.

Jioni nikahutubia tena, kwa urefu, mshale ukiwa umelala muda wote. Nikazima. Mlimani kimya. Wana roho ngumu hawa watu.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Nitayaeleza ya leo kwa haki.

Mlezi wa Wanafunzi alifika kabla ya adhuhuri. Akaketi kwenye kochi la sebuleni, chini ya dirisha ambalo pazia lake sasa limeshikwa na kamba ya katani. Tai ilikuwepo. Shangazi akamletea chai, akampima kwa macho, akamwambia bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia, na aliyemshonea koti hilo amemdhulumu. Mlezi akasema asante, mama, hakuna aliyewahi kumwambia. Walipatana haraka mno kwa maoni yangu.

Chama kizima kilikuwepo. Aliyezoea kulala alikuwa macho. Hilo peke yake lingetosha kuwa tukio.

Nikaichukua maikrofoni. Nikabonyeza kitufe. Nikaanza na salamu kwa wana wa mlimani, nikaingia kwenye asili ya sauti, kwamba sauti ilikuwa ya wote kabla ya kuwekewa milango. Nikapita kwenye maana ya chumba. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Taratibu akaninong'oneza niachie kitufe. Nikamwashiria asubiri, nilikuwa kwenye utangulizi. Mlezi akaitazama saa, akanitazama, akaitazama chai. Taratibu akanong'ona tena. Akanikanyaga mguu. Ndipo nilipoanza sehemu ya pili.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa begani. Ana gauni la mteja la kukata, na meza ni moja. Alisubiri, akasubiri, kisha akaja akaitoa maikrofoni mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. Akabonyeza. Akasema, "Hodi huko mlimani. Kuna watu?" Akaachia.

Kisha chumba kizima kikajaa sauti ya mzee mmoja, nzito, safi, kana kwamba ameketi nasi kwenye kochi.

"Karibu, mama. Tunakupata vizuri kabisa. Kabla hujaenda mbali, naomba kuuliza. Huyo kijana ni mzima? Tangu Jumatano tunamwitikia, akimaliza anapotea. Hapumui. Siku za mwanzo alisikika kama mtu aliye ndani ya pipa, tangu jana yuko wazi kama kengele. Huku tumekuwa tukikusanyika kumsikiliza, hata wapishi wanakuja. Ila tuna ubishi mmoja: huyo kobe aliyefungwa tai ni nani?"



Mlezi wa Wanafunzi akaweka kikombe mezani. Akaiweka tai yake sawa. Akanyoosha mkono kuomba maikrofoni, na Shangazi akamwonyesha kitufe: hapa unasema, ukiachia unasikia. Akaelewa mara moja. Watawala ni wepisi wa kujifunza mambo madogo.

Akabonyeza. Akasema, "Ni mimi."

Kicheko kilichotoka mlimani kilikitikisa kipaza sauti. Si cha mzee peke yake, kulikuwa na umati nyuma yake, na wapishi bila shaka. Kisha Mlezi naye akacheka. Sikujua kwamba ana meno. Wakazungumza, yeye na mzee yule, mpaka chai ya pili, wakagundua kwamba walisoma darasa moja.

Chumba kimebaki chetu. Mlezi alisema sharti lilikuwa mazungumzo, na mazungumzo yamefanyika, ameyasikia kwa masikio yake, mengine asingependa kuyasikia. Akageuka kwangu. Nikajiandaa kwa gereza. Akasema tu kwamba mpira wa mezani ni mchezo mzuri, nijaribu, unamfundisha mtu kungoja mpira urudi.

Kisha Taratibu akasimama akatoa hoja. Alisema msemaji ni mtu anayesikika na anayesikia, na leo amemwona mmoja tu nyumbani humu. Wakapiga kura. Shangazi sasa ni mwanachama wa heshima na Msemaji wa Chama cha Redio. Alikubali kwa sharti kwamba waondoe vitu vyao mezani. Mimi nimepewa paa.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nimelala, nimeamka, nimeelewa.

Kwanza, sikushushwa. Nimewekwa juu ya paa. Katika jengo hili hakuna cheo kilicho juu zaidi.

Pili, nimeichambua jana kwa makini ya kisayansi na nimelibaini kosa. Kosa lilikuwa la kidole gumba. Ukishika kitufe kwa muda mrefu, kidole huchoka, mkono hulegea, na adui huipata nafasi ya kukunyang'anya maikrofoni. Udhaifu wa kiungo kimoja umeukatiza ujumbe wa umma mzima.

Tatu, umati wa mlimani. Mzee yule amekiri mwenyewe kwamba watu walikuwa wakikusanyika kunisikiliza. Hata wapishi. Kwa hiyo nilikuwa na wafuasi tangu Jumatano bila kujua. Harakati kubwa zote huanza hivyo.

Mtambo utarudishwa chuoni kesho, hivyo leo sikupoteza muda. Shangazi alipotoka kupeleka gauni kwa mteja, nilipanda juu na kuzinyoosha nyaya zote nne. Nimeziongezea nyingine nane, kutoka kwenye mwavuli wake, chuma imara, kisichoinamishwa na suruali ya mtu yeyote. Zimetanda kama jua. Zimenyooka zote. Mshale umeruka hadi mwisho wa kipimo kwa shangwe.

Na kitufe nimekifunga kwa ukanda wa mpira, mizunguko mitatu, kikabonyea vizuri. Sasa mikono yote miwili iko huru kwa ishara.

Nimehutubia tangu asubuhi. Hotuba nzima, utangulizi hadi sehemu ya saba, bila kukatizwa na mtu. Huko mlimani hawajatia neno hata moja.

Wanasikiliza.